Kitabu cha sauti kwa mtoto asiyeona: mzazi anaruhusiwa nini

Kila inapokaribia Siku ya Fimbo Nyeupe, tarehe 15 Oktoba, dawati letu la wasomaji hapa Mwanza hupata wageni wengi kuliko kawaida. Mwaka huu wengi wamekuja na ombi moja. Mzazi anafungua pochi, anatoa memori kadi, anasema: "Mtoto haoni lakini anapenda hadithi kupita kiasi. Nijazieni vitabu." Hatujazi kadi. Wanaojaza ni wenye vibanda vya nyimbo, na malalamiko yanayotufikia kutoka kwa waandishi yanaanzia hapohapo. Kwa hiyo leo naeleza mpaka uko wapi.

Mkataba wa Marrakesh, makubaliano ya kimataifa ya kuwarahisishia wasioona kupata vitabu, ulipitishwa Juni 2013 na ukaanza kutumika 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020, maana yake nchi zote tatu zinazozunguka Ziwa Victoria zimo ndani. Mkataba unamhusu asiyeona, mwenye uoni hafifu, mwenye tatizo la kusoma maandishi, na yule ambaye mwili wake hauwezi kushika kitabu au kufunua kurasa. Kwa ajili ya hao, kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa nukta nundu, maandishi makubwa au sauti bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Filamu haimo. Wapo waliokuja kuniuliza kuhusu tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa. Hizo hazimo, na jibu langu halitabadilika wiki ijayo.

Wanaoweza kutengeneza nakala hiyo ni wa aina mbili. Wa kwanza ni taasisi iliyoidhinishwa, yaani ya serikali au isiyofanya biashara, inayohudumia walengwa na kutunza kumbukumbu za nani amepewa nini. Taasisi hizi zinaruhusiwa pia kupelekeana nakala kuvuka mpaka. Kitabu kilichosomwa na kurekodiwa na taasisi ya Kisumu kinaweza kumfikia mtoto wa Sengerema bila mtu kukirekodi upya. Wa pili ni mlengwa mwenyewe au mtu anayemsaidia, akiwemo mlezi wake, kwa matumizi binafsi ya mlengwa, na kitabu chenyewe kiwe kimepatikana kihalali.

Hapo kwenye mlezi ndipo watu hawanisikii. Mama, umenunua kitabu cha hadithi dukani. Mwanao haoni. Kaa naye, washa kinasa sauti cha simu, msomee. Hujavunja sheria yoyote na huhitaji barua ya mtu. Lakini rekodi hiyo ni ya mwanao. Ukiirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu arobaini wanaoona vizuri, umeshatoka nje ya ruhusa. Ukimpa mwenye kibanda aiuze, suala linahamia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na marekebisho yake, ambako kuna faini, kifungo, au vyote viwili, na vifaa vilivyotumika vinaweza kuchukuliwa. "Sikujua sheria" hatuipokei kama utetezi, na mahakama nayo haiipokei. Hata ngano za asili zina kifungu chao katika sheria hiyo pale zinapogeuzwa biashara nje ya mazingira yake. Bibi kumsimulia mjukuu si biashara, tafadhali msinipigie simu kwa hilo.

Kwa anayetaka vitabu vingi zaidi ya anavyoweza kusoma mwenyewe, ipo maktaba ya mtandaoni ya Bookshare, yenye vitabu zaidi ya milioni moja. Vingi ni vya Kiingereza, na hapo sitamdanganya mtu. Kujiunga kunahitaji uthibitisho wa ulemavu kutoka kwa mtaalamu anayetambulika, kwa mfano daktari wa macho au mwalimu wa elimu maalumu, na kwa mtoto mzazi ndiye anayekubali masharti. Jina liandikwe vilevile kwenye fomu na kwenye uthibitisho. Tofauti ya herufi moja inatosha kuchelewesha. Kila faili linalopakuliwa hubeba alama ya aliyelipakua. Likionekana mahali pengine, wanajua limetoka kwa nani, na akaunti inaweza kufungwa. Shule yenye wanafunzi wasioona inaweza kufungua akaunti ya taasisi, jambo ambalo ningependa walimu wakuu walifikirie kabla ya kila mzazi kuhangaika peke yake.

Kwa Kiswahili, anzieni African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto. Hadithi zake zimetolewa kwa leseni huria, kwa hiyo unaweza kuzisoma kwa sauti, kuzirekodi na kuzigawa kwa kutaja waliozitunga. Ni fupi na za watoto wadogo. Mtoto wa darasa la tano atazimaliza kwa wiki moja.

Wengine hutegemea simu isome yenyewe. Inawezekana, ila kwanza weka sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio, la sivyo simu itasoma "ng'ombe" kwa matamshi ya Kiingereza na mtoto atadhani ni mnyama mwingine. Vilevile PDF iliyotokana na kupiga picha kurasa haisomeki kwa simu mpaka kwanza igeuzwe kuwa maandishi. Wewe unaona maneno, yenyewe inaona picha.

Mwezi uliopita alikuja mama wa Igombe na mwanawe wa miaka minane. Mtoto alibeba redio ndogo ya kuchomeka kadi, imefungwa raba mahali mfuniko wa betri ulipopotea. Alinisalimia, "Shikamoo shangazi," kisha akashtaki palepale: fisi wake anakufa kabla hajaingia kwenye hadithi. Mama alikuwa amesoma kitabu kizima mwenyewe, sura kwa sura, kazi safi kabisa, na mafaili ameyapa namba. Lakini redio nyingi za bei ndogo hazijali namba. Zinapiga faili kwa mpangilio lilivyonakiliwa kwenye kadi. Tulifuta kadi, tukanakili moja moja kuanzia 001, dakika kumi na tano zikaisha na fisi akafa kwa wakati wake.

Kwa hiyo: nakili kwa zamu, usibebe mafaili yote kwa mkupuo. Kata hadithi vipande vya dakika kumi hivi, kwa sababu redio hizo zikizimwa nyingi hazikumbuki zilipoishia, na kurudi mwanzo wa saa nzima kunamkatisha mtoto tamaa. Mwanzoni mwa kila kipande taja jina la kitabu na namba ya sura. Mtoto hana jalada la kutazama. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inatosha kwa sauti ya mtu, na saa moja haifiki megabaiti 30. Kadi ya gigabaiti 4 inabeba zaidi ya saa mia moja. Usirekodi mvua ikipiga bati. Chumba chenye nguo nyingi na godoro hakina mwangwi.

Jambo moja la mwisho kwa wazazi wanaotaka kumtoa mtoto kwenye darasa la nukta nundu kwa kuwa "siku hizi kuna sauti". Sauti haimfundishi mtoto tahajia, wala haimwonyeshi aya inaanzia wapi. Walimu wa elimu maalumu wanalalamika kuhusu hili na mimi niko upande wao.

Yule mtoto wa Igombe amerudi Jumanne. Mama alipokuwa anasaini daftari la wageni, yeye alikuwa ameshafika kwenye dawati, redio sikioni. Sura ya kumi na moja mama aliisoma akiwa na mafua, anasema, na anataka irudiwe.