Mikondo sambamba haikuongezei intaneti

Juzi barzani Kikwajuni nimelisikia tena: "Nimeweka mikondo minane, sasa intaneti yangu mara nane." Nikanywa kahawa yangu, nikanyamaza.

Maana ya mikondo sambamba ni fupi. Faili kubwa, tuseme video ya harusi inayokwenda kwa jamaa London, hukatwa vipande. Kila kipande hupita kwenye muunganisho wake, ndio huo mkondo, kwa wakati mmoja, kisha vikaungwa upande wa pili. Basi.

Linalotupoteza ni neno lenyewe. Kwa mvuvi aliyevuka Mkondo wa Pemba, mkondo ni maji yenye nguvu: ukiingia, yanakuchukua. Ndiyo maana mtu akisikia "minane" anahisi nguvu mara nane. Lakini mkondo huu si wa bahari, ni wa skuli: darasa la tatu lenye mikondo A, B na C. Somo lile lile, kengele ile ile, kila mkondo na chumba chake. Watoto wa C hawasomi haraka zaidi kwa kuwa A na B wapo. Na sambamba ni ubavu kwa ubavu tu. Hakuna anayemvuta mwenziwe.

Sasa, mbona faili linafika mapema? Kwa sababu muunganisho mmoja hupoteza muda kungoja. Ni kama hamali pale Malindi anayepeleka gunia, akasubiri karani atie alama, ndipo achukue jengine. TCP, yaani kanuni ya kupeleka data mtandaoni, ya mwaka 1981 iliruhusu baiti 65,535 tu ziwe njiani kabla ya jibu kurudi. Kwenda na kurudi kukichukua milisekunde 150, hupati zaidi ya megabiti 3.5 kwa sekunde, hata kama umelipia 100. Hamali wanane watakufikisha 28. Kikomo hicho kililegezwa mwaka 1992, lakini pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikipotea muunganisho bado hupunguza mwendo; ukiwa na minane, mmoja ukizubaa saba inaendelea.

Lango, yaani intaneti uliyoilipia, likiwa jembamba, hamali wanane watasongamana tu. Na ikiwa ruta mnagawana na jirani, yeye ana hamali mmoja na wewe wanane, atakuja kukugongea mlango, na haki anayo.

Kwa hiyo, sheikh wangu, sema "naitumia yote niliyoilipia". Intaneti yako ni ile ile ya mwezi uliopita.