"Walimu wangu nawashirikisha, tunakaa kikao kila mwezi"

Nafundisha uongozi kwa walimu wakuu na wakuu wa shule hapa Dar es Salaam, na sentensi hiyo hapo juu nimeichoka. Wiki iliyopita, kwenye semina Temeke, nimeisikia mara tatu kabla ya chai.

Haya, leteni mihtasari tuisome. Kufungua kikao, yatokanayo, taarifa ya mkuu, maagizo kutoka kata, halafu mkiani kabisa, "mengineyo". Ratiba imeshabandikwa ukutani, vipindi vimeshagawanywa, mchanganuo wa ruzuku, fedha ambazo serikali inaipa shule, umeshasainiwa. Mwalimu mwenye hoja anaisemea kwenye mengineyo, saa nane na nusu, wenzake wameshapakata mikoba wanawaza daladala. Kisha karatasi ya mahudhurio inaingia kwenye faili kuwa ushahidi wa ushirikishwaji. Shule zinazosoma kwa awamu mbili ndiyo balaa: kikao kinabanwa wakati wa kupishana, nusu ya walimu wanakimbilia madarasani, nusu wameshachoka.

Hao wameitwa kupewa taarifa. Ukitaka kujua kama uliwashirikisha, nionyeshe hoja yako moja tu, mwaka huu, iliyobadilika kwa sababu walimu waliipinga. Nikiuliza hivyo ukumbini, watu wanaanza kutafuta kalamu zao.

Dawa yangu wanaijua, na wengi hawaipendi. Ajenda iwafikie walimu siku tatu kabla, pamoja na tarakimu zake, hata kwa WhatsApp. Idara zikae kwanza. Halafu mkuu aseme mwisho. Ukishafungua kikao kwa "mimi naona tuwe na jaribio kila Ijumaa", kijana wa ajira mpya atanyoosha mkono akupinge wewe unayemjazia tathmini yake? Nyamaza kwanza, baba. Utasikia mengi.

La pili ninaloambiwa: fedha si mambo ya walimu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku imekuwa ikipangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na humo humo kuna fungu la vitabu. Kwa fedha nyembamba hivyo, anayejua chaki zinaisha wiki gani na mtihani wa muhula unakula rimu ngapi ni mwalimu wa darasa na mwalimu wa taaluma. Unapangaje bila wao?

"Mwakilishi wa walimu yupo kwenye kamati ya shule." Yupo, mara nyingi kwa kuteuliwa na wewe, na tangu aingie hajawahi kurudisha mrejesho stafu, kwa walimu wenzake.

"Nikiwasikiliza nitapoteza mamlaka." Hapana. Katibu wa kamati au bodi ya shule unabaki wewe, na maswali ya afisa elimu yatakuja kwako kama kawaida.

"Walimu wenyewe hawana mwamko, wanataka posho." Walitoa maoni miaka miwili bila kujibiwa. Wewe ungeendelea?

Upande wa pili nao una dhana potofu yake, maana kuna walimu wanaodhani kila kitu kipigiwe kura. Mtaala unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, mtihani wa taifa unatoka Baraza la Mitihani, NECTA. Shauri la nidhamu la mwalimu lina njia yake hadi Tume ya Utumishi wa Walimu, halijadiliwi stafu mbele ya chai na maandazi. Kuna shule niliambiwa kikao kimepitisha kila mwalimu atembee na fimbo. Hakina uwezo huo. Kwa kanuni za 2002, viboko havizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kikao kingejadili namna ya kupunguza utoro, hilo liko ndani ya uwezo wake.

Juzi mkuu mmoja aliyepita kwenye semina zangu alinipigia akilalamika. Alifuata maelekezo yangu yote, akanyamaza hadi mwisho, na walimu wakakataa masomo yake ya Jumamosi. Badala yake wakapendekeza Hisabati iondolewe kwenye vipindi vya mchana iwekwe asubuhi. "Sasa nifanyeje, mwalimu?" Nikamwambia anitumie muhtasari huo, huo nitausoma wote.