Tarantula kagoma kula: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Wakuu, msimu wa baridi ukianza hapa Dodoma, mwezi wa sita hivi, maswali yanakuwa yale yale kutoka kwa vijana wanaofuga tarantula, wa Kisasa, wa Nkuhungu, wanafunzi wa UDOM kwenye mageto yao, wote wanasema "buibui wangu kagoma kula, huyu anakufa". Ushauri wanaopeana baada ya hapo ndo unanitia hofu kuliko huo mgomo wenyewe, maana tarantula akigoma kula mara nyingi hana tatizo lolote, ila akishaanza kuhangaikiwa na mtu mwenye wasiwasi ndo anaumizwa. Nimeyaandika yale ninayoyasikia sana na ukweli wake. Mengi yanahusu tarantula wote, ila akilini nina yule wa kwetu, Pterinochilus murinus, jina alilopewa na mwanasayansi Pocock mwaka 1897, anapatikana Tanzania na nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, na wale wa rangi ya chungwa wafugaji huko nje wanawaita wa Usambara.

"Wiki mbili hajala, atakufa njaa"

Hafi. Huyu siyo kuku, kwamba akipitisha siku mbili hajadonoa kitu basi ujue kuna ugonjwa. Tarantula anakaa mlangoni mwa shimo lake anasubiri mdudu apite, hakimbii huku na huku, mwili wake unatumia nguvu kidogo sana, alichokula leo kinamfikisha mbali. Mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula na akawa mzima kabisa, yule wa Chile, Grammostola rosea, anajulikana kwa wafugaji kwa migomo ya hata zaidi ya mwaka alafu siku moja anaanza tu kula. Mkubwa ukimpa mdudu mmoja kila wiki moja au mbili inamtosha. Vitoto ndo vinataka karibu karibu, mara mbili kwa wiki hivi, na vyenyewe haviwezi kuvumilia njaa kama wakubwa.

Kwa hiyo achana na kalenda, angalia tumbo, yani lile fuko la nyuma. Likiwa limejaa kiasi, limelingana na kifua cha mbele au limezidi kidogo, huyo hata akigoma miezi miwili mwache. Likiwa limesinyaa, dogo kuliko kifua na lina mikunjo, hapo kuna jambo, na jambo la kwanza kufikiria ni maji kabla ya chakula.

Sasa kwanini anagoma? Sababu kubwa kuliko zote ni kwamba anajiandaa kujivua gamba. Ngozi yake ngumu haikui, inabidi atengeneze nyingine chini yake alafu aitoke ile ya zamani yote, na yote ni yote kweli, mpaka chonge zake, mpaka ngozi ya ndani ya mdomo na ya kile kifuko anachonyonyea chakula. Mtu ambaye mdomo wake uko kwenye matengenezo hivyo atakulaje? Utaona rangi imefifia, tumbo limekuwa jeusi jeusi na limekaza, anatembea kwa uzito, anatandika utando mwingi au anaziba mlango wa shimo. Tarantula wa Amerika wengi wana kipara tumboni kwa sababu wanapukutisha manyoya yao ya kuwasha, na hicho kipara kinapogeuka cheusi unajua siku zimekaribia. Wa Afrika hawana hayo manyoya, so kwa wa kwetu dalili ni ngumu kidogo kuziona, inabidi umzoee.

Na akiziba shimo tafadhali usimchimbue! Nasikia watu wanasema "anakosa hewa mle". Hakosi hewa, ameziba mwenyewe kwa sababu anataka usalama, ukimchimbua katikati ya kujivua gamba unaweza kumuua.

"Kageuka chali, ameshakufa"

Hii inaniumiza sana kwa sababu kuna tarantula wanatupwa jalalani wakiwa hai. Kulala chali miguu imetanuka ndo mkao wa kujivua gamba. Aliyekufa au anayekaribia kufa mara nyingi anakuwa wima, miguu imejikunja chini ya mwili. Iko hivi, kunyoosha miguu tarantula anatumia msukumo wa majimaji ya mwilini, msuli wake ni wa kukunja, kwahiyo msukumo ukiisha miguu inajikunja yenyewe. Ukimkuta chali usimguse, usimgeuze, usimpulizie maji, zima taa uondoke, kitoto kinamaliza haraka ila mkubwa anaweza kuchukua masaa mengi.

Akimaliza utamuona mkubwa, mwembamba, rangi inang'aa, na hapo watu wanaharakisha kumpa chakula eti amekaa sana na njaa. Subiri kwanza. Chonge zake zinatoka nyeupe na laini, zinakuwa nyekundu, mwisho zinakuwa nyeusi, na mpaka ziwe nyeusi hazijakomaa. Kwa mdogo inaweza kuwa wiki moja, kwa mkubwa wiki mbili au zaidi. Ila maji mpe tangu siku ya kwanza.

"Muachie mdudu mle ndani, akisikia njaa atakula mwenyewe"

Nyenje ana meno ya kutafuna na hachagui. Tarantula aliyetoka kujivua gamba ni laini kama nini, nyenje anaanza kumla mguu au tumbo na hawezi kujitetea. Mdudu asipoliwa mpaka kesho yake, mtoe, jaribu tena baada ya wiki. Mende nao wanajichimbia chini unawasahau, kwahiyo mponde kichwa kwanza kabla hujamuweka. Kwa kitoto ni vizuri zaidi, unamuwekea kipande cha mdudu aliyekwisha kufa, atakuja kula mwenyewe usiku.

"Huyu ni wa porini huku kwetu pakavu, maji hanywi"

Anakunywa sana tu. Anajibana chini mdomo ukiwa ndani ya maji na anakaa hivyo dakika nyingi. Upungufu wa maji unamuua haraka kuliko njaa, na kwa hewa yetu ya kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua za Disemba, kavu ile ya kupasua midomo, boksi lisilo na maji ni hatari. Kifuniko cha chupa ya maji kinatosha kwa mdogo, kisosi kwa mkubwa, ubadilishe maji. Kuna wanaoweka kipande cha sponji au pamba ndani, toa, inaoza na kufuga bakteria, na hawezi kuinyonya vizuri hata hivyo. Wala hazami, usiogope.

Alafu kuna wa upande wa pili, anasikia neno maji analowesha boksi zima kila siku. Huyu wetu anataka sakafu kavu na kisosi chake pembeni, ukimlowesha unaleta ukungu na utitiri, na yeye anapanda juu kwenye kuta anakataa kushuka, chakula chenyewe kiko chini, mnabaki mnasema kagoma.

"Mende wa jikoni ni chakula cha bure"

Bure wakati nyumba imepulizwa dawa wiki iliyopita? Tarantula ni jamaa wa hao wadudu tunaowaua, dawa ya mende na ya mbu inamuua hivyo hivyo, na mende aliyeigusa kidogo akaendelea kutembea ndo anakuja kuliwa. Panzi wa kwenye mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi pia sichukui, mizabibu inapigwa dawa. Kumbikumbi wa mvua za kwanza mnaowaokota chini ya taa sawa kama sehemu ile haipulizwi, lakini salama zaidi ni kufuga mende au nyenje wako kwenye ndoo, uwalishe pumba, karoti, majani ya mchicha yaliyooshwa. Ukiona tarantula anatembea kwa kushtuka shtuka, miguu haielewani, fikiria sumu kwanza, na acha kupuliza chochote kwenye hicho chumba.

Nyama ya ng'ombe, dagaa, kifaranga, hivyo havina ulazima. Vinaoza, vinanuka, vinaleta nzi. Wadudu wanatosha maisha yake yote.

"Kamtema mdudu, hakumpenda"

Kile kibonge cheusi kilicholowana unachokikuta asubuhi ni mabaki. Tarantula hamezi, anamwagia mdudu majimaji ya kumeng'enya, ananyonya supu, anaacha maganda. Kala huyo. Toa kibonge tu.

"Tumbo likiwa kubwa ndo afya"

Likivimba mara mbili ya kifua unamtafutia balaa. Ngozi ya tumbo ni nyembamba, akianguka kutoka kwenye ukuta wa boksi linapasuka na majimaji yanatoka mpaka anakufa. Boksi lisiwe refu sana juu, weka udongo wa kutosha, na akinenepa punguza chakula.

Kuhusu baridi sasa. Usiku wa mwezi wa saba Dodoma joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14, na mnyama huyu joto lake ni la mazingira, kwahiyo kusaga chakula kunakuwa polepole na hamu inapungua. Hiyo ni kawaida. Msimuwekee jiko la mkaa chumbani, hewa yake ya sumu inaua hata nyie mnaolala humo, na taa ya joto juu ya boksi inamkausha. Hamishia boksi kwenye chumba chenye joto zaidi, mbali na dirisha, basi. Aliyehamishwa juzi kutoka sehemu nyingine naye mpe wiki mbili tatu bila kumsumbua.

Na dume likishajivua gamba la mwisho, ukiona vile vimkono vya mbele vimevimba nchani kama kavaa glavu, na kwa jamii nyingi miguu ya mbele ina ndoano, hilo limeshapevuka. Linakula kidogo au haligusi kabisa, linazunguka tu kutafuta jike, na umri wake umebaki miezi, likijitahidi sana mwaka na kitu. Hamna dawa ya hilo na wala siyo ugonjwa. Jike anaweza kufikisha miaka zaidi ya kumi.

Kumlazimisha kwa kumsogezea mdudu na vidole usijaribu. Ng'ato ya huyu wetu ina maumivu makali sana na misuli kukaza ambako kunaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Tumia kibano kirefu.

Hali ya kuogopa kweli ni hii: anagoma na huku tumbo linazidi kusinyaa wakati maji yapo, anakaa miguu imejikunja, au mdomoni kuna kitu cheupe chenye utelezi na harufu mbaya. Huo weupe unaweza kuwa minyoo midogo sana inayokaa mdomoni, na tiba ya uhakika hakuna. Mtenge siku hiyo hiyo kwenye chombo chenye tishu na kisosi cha maji, kibano chake kisiguse boksi la mwingine, nzi wasiingie, nawa mikono kabla hujashika wengine, na wadudu waliobaki kwenye boksi lake usimpe tarantula mwingine yeyote.