Anna Lindh hakuuawa kwa sababu ya euro

Kila muhula ninapofika kwenye mada ya siasa za nje za nchi ndogo za Ulaya, lazima mkono uinuke darasani: "Mwalimu, si yule mama wa Sweden aliyeuawa kwa ajili ya euro?" Safari hii aliyeuliza ni mwanafunzi wa uzamili, na nusu ya darasa wakatikisa vichwa kukubali. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno ubaoni, kwa hiyo leo naliandika.

Kinachowapoteza watu ni kalenda. Anna Lindh, waziri wa mambo ya nje wa Sweden, alichomwa kisu Jumatano tarehe 10 Septemba 2003, akafariki alfajiri ya tarehe 11. Jumapili ya tarehe 14 Waswidi walikuwa wapige kura ya maoni: waingie kwenye euro, sarafu ya pamoja ya Ulaya, au wabaki na krona yao. Lindh alikuwa mstari wa mbele upande wa Ndiyo, yaani waliotaka euro, na picha zake zilikuwa zimebandikwa mitaani. Mtu akiona matukio mawili yamepishana siku nne tu, hasubiri ushahidi, anaamua kwamba la kwanza lilitokana na la pili.

Basi tufuate kisa chenyewe. Jioni ile alitakiwa kwenye mdahalo wa televisheni kuhusu hiyo euro. Mchana akaingia na rafiki yake katika duka kubwa la NK, katikati ya Stockholm, kutafuta nguo ya kuvaa. Hakuwa na mlinzi, alikuwa mteja kama wengine. Mijailo Mijailović, kijana wa miaka 24, alikuwa akizurura humo dukani. Kamera za ulinzi zilimnasa. Alimshambulia, akakimbia, akaacha kisu na kofia. Polisi walimshika kwanza mtu mwingine kabisa, wakamwachia, kisha tarehe 24 Septemba wakamkamata Mijailović, na vinasaba vikakubali. Alikuwa na historia ya matatizo ya akili, tena alishawahi kutiwa hatiani kwa kumchoma kisu baba yake mzazi. Januari 2004 alikiri, akadai sauti kichwani ndizo zilizomwamuru.

Machi 2004 alipewa kifungo cha maisha. Julai mahakama ya rufaa ikasema apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili. Desemba Mahakama ya Juu ikarudisha kifungo cha maisha. Miezi tisa ya kubishana, na kilichobishaniwa ni akili ya mshtakiwa, si sarafu! Miaka baadaye, akiwa gerezani, aliliambia gazeti kwamba zile sauti alizitunga, na kwamba aliwachukia wanasiasa kwa jumla kwa sababu aliona ndio waliomharibia maisha. Wapo pia wanaosema alilipiza kisasi cha NATO kuipiga Serbia mwaka 1999, kwa kuwa wazazi wake walitoka huko. Hilo nalo halikuthibitishwa mahakamani. Nawasihi wanafunzi wangu kila mwaka: kabla hujataja sababu ya mauaji, soma hukumu.

Kuna tawi la dhana hiyohiyo, kwamba huruma ya kifo chake ilibadilisha matokeo ya kura. Wachambuzi wengi walitabiri hivyo. Lakini Ndiyo ilishindwa, takriban asilimia 42 kwa 56.

Wengine hudhani alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya mambo ya nje; sivyo. Karin Söder aliingia mwaka 1976, na kabla ya Lindh walishapita wanawake watatu. Alichokuwa wa kwanza ni kuongoza jumuiya ya vijana ya chama chake cha Social Democrats, mwaka 1984. Na Ann Linde, waziri wa 2019 hadi 2022, ni mtu mwingine wa chama hichohicho. Tafadhali msome jina hadi mwisho.

Lindh hakuokotwa barabarani akapewa uwaziri. Aliingia bungeni mwaka 1982 akiwa na miaka 25, mwanasheria aliyetoka Chuo Kikuu cha Uppsala, na kabla ya mambo ya nje alishaongoza wizara ya mazingira miaka minne. Mwaka 2001, Sweden ilipokuwa na zamu ya uenyekiti wa Umoja wa Ulaya, alihangaika pamoja na Javier Solana, mkuu wa siasa za nje wa Umoja huo, kuizuia Macedonia isiingie vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kumkumbuka kwa kisu tu ni kumnyima haki.

Lakini wanaomgeuza malaika nao siwakubalii. Mwishoni mwa 2001 raia watatu wa Sweden wenye asili ya Somalia walifungiwa mali zao kwa orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa kwa sababu ya uhusiano wao na al-Barakaat, mtandao wa hawala wa kutuma pesa, na serikali yake ikawatetea. Hiyo ilikuwa kazi nzuri. Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo, serikali hiyohiyo iliwarudisha kwao Wamisri wawili waliokuwa wakiomba hifadhi. Wizara yake ilipata ahadi ya Cairo kwamba hawatateswa. Kwenye uwanja wa ndege wa Bromma, maofisa wa Kimarekani waliwakata nguo kwa mkasi, wakawafunika vichwa, wakawafunga minyororo na kuwapakia ndegeni. Mwaka 2005 kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso iliamua kwamba Sweden ilivunja mkataba. Sehemu ya Wamarekani katika jambo hilo ilifichuliwa na televisheni ya Sweden Mei 2004, na Lindh hakuwepo tena kuulizwa.