Kiwango cha uhalifu: namba hii huhesabiwaje, na inamwambia nini mkazi wa mji mdogo?

Kiwango cha uhalifu ni idadi ya makosa yaliyoandikwa polisi ndani ya kipindi fulani, mara nyingi mwaka mmoja, ikagawanywa kwa idadi ya watu wa eneo hilo, kisha ikazidishwa kwa 100,000. Kuna vitu viwili humo: namba ya juu, yaani matukio, na namba ya chini, yaani watu. Mji mkubwa unaweza kuzikoroga zote mbili kidogo na jibu lisiharibike sana. Mji mdogo hauna nafasi hiyo, na ndiyo maana wakazi wa miji midogo huogopeshwa au hulazwa usingizi na takwimu ambazo hazijabeba uzito huo.

Tuchukue Manispaa ya Moshi, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu takriban 222,000. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba nyumba 400 zimevunjwa na kuibiwa kwa mwaka. Gawanya 400 kwa 222,000, zidisha kwa 100,000: unapata kama 180. Sasa tuseme Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa hiyohiyo, imeandika matukio 8,000 ya aina hiyo. Matukio ni mara 20 ya yale ya Moshi, lakini kiwango chake ni kama 149. Hiyo ndiyo kazi ya kiwango: kuwezesha mji mmoja kulinganishwa na mwingine bila ukubwa kuvuruga.

Kosa la kwanza hutokea kwenye namba ya chini. Mtu akifanya hesabu ya Moshi kwa sensa ya 2012, iliyokuta watu takriban 184,000, matukio yaleyale 400 yanampa 217 badala ya 180. Hapo mji umeonekana mbaya zaidi kwa asilimia 20, na hakuna nyumba hata moja ya ziada iliyovunjwa. Kwa hiyo ukikutana na kiwango, uliza kwanza: watu hao ni wa mwaka gani, na mpaka uliotumika ni wa manispaa, wilaya au mkoa? Mkoa wa Kilimanjaro si mji wa Moshi.

Hata sensa mpya haimalizi tatizo. Sensa huhesabu watu pale walipolala, na ile ya 2022 ilihesabu waliolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Lakini mchana Moshi hujaa watu wasiolala mjini: wanaotoka Kibosho, Machame, Marangu na Himo kuja sokoni, stendi, hospitali na maofisini, pamoja na wageni wanaokwenda Mlima Kilimanjaro. Mama wa Kibosho akichomolewa simu stendi, tukio linaingia kwenye namba ya juu ya mji, yeye mwenyewe hayumo kwenye namba ya chini. Desemba, familia zinaporudi kwa Krismasi kutoka kila pembe ya nchi, pengo hilo hupanuka. Kila mji wenye soko kubwa, stendi kuu au chuo una tabia hii, na kiwango chake cha wizi wa mfukoni kitaonekana kikubwa kuliko hatari halisi ya mkazi wake. Dawa yake ni kubadilisha namba ya chini ifuate kosa. Kwa uvunjaji wa nyumba, gawanya kwa idadi ya kaya. Kwa wizi wa pikipiki, gawanya kwa idadi ya pikipiki zinazofanya kazi mjini, kama chama cha bodaboda kina orodha inayoaminika.

Tugeukie namba ya juu, ambako kuna mengi zaidi. Tukio halihesabiwi kwa kuwa limetokea. Linahesabiwa kwa kuwa limeripotiwa, likaandikwa, na likapewa jina la kosa. Kila hatua hupoteza kitu.

Kuripoti kuna gharama: nauli, nusu siku ya kazi, na wasiwasi wa kuzungushwa. Aliyeibiwa jiko la gesi la mtungi mdogo hupiga hesabu na kukaa nyumbani. Wizi wa ndani ya ukoo humalizwa kwa wazee. Ugomvi wa majirani huishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Kibaka akikamatwa na watu wenye hasira, mara nyingi aliyeibiwa hupata mali yake na haendi tena kituoni. Hayo yote ni matukio halisi na takwimu haiyaoni. Njia ya kuyafikia ni utafiti wa kaya, ambapo watu huulizwa mlangoni kama wamefanyiwa uhalifu katika miezi 12 iliyopita, wawe waliripoti au hawakuripoti.

Kuna upotevu mwingine unaosahaulika. Mtu aliyeibiwa simu anachohitaji haraka ni kurudishiwa laini yake. Njia nyepesi ni kuchukua taarifa ya kupotelewa na mali, si kufungua jalada la wizi. Akisema “imepotea”, anapata karatasi yake na kuondoka. Akisema “nimekwapuliwa saa 2 usiku na watu wawili kwenye pikipiki”, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, anaandika maelezo, na huenda akaitwa tena. Wengi huchagua ile ya kwanza, na ukwapuaji mzima unageuka upotevu. Tunamsihi kila anayeibiwa aseme wizi kuwa wizi na ataje saa na mahali, kwa sababu doria hupangwa kwa kufuata kilichoandikwa.

Jina la kosa nalo lina uzito. Mwizi wa usiku anayepasua wavu wa dirisha na kuvuta suruali kwa mti wenye ndoano, akiwa amesimama nje, anaweza kuandikwa kama mwizi wa kawaida. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema mtu ameingia ndani mara tu sehemu yoyote ya mwili wake, au chombo anachotumia, inapoingia kwenye jengo. Kosa la kuvunja nyumba likifanywa usiku huwa zito zaidi. Vituo viwili vikiandika jambo hilohilo kwa majina mawili, kimoja kitaonekana kina uvunjaji mwingi na kingine wizi mdogo mwingi.

Halafu kuna makosa yanayopanda kwa sababu kazi imefanyika. Jeshi la Polisi Tanzania hupanga makosa makubwa ya jinai katika mafungu matatu: dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, na dhidi ya maadili ya jamii. Fungu la tatu lina bangi, mirungi na pombe ya gongo. Mambo haya hayana mlalamikaji anayekwenda kituoni. Hupatikana kwa msako. Misako ikiwa mingi, namba hupanda, na ikikoma, hushuka. Anayechanganya mafungu yote matatu kuwa “uhalifu” mmoja anaweza kuutangaza mji kuwa umeharibika mwaka uleule ambao polisi wake walichapa kazi zaidi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lina athari ya namna hiyohiyo: wanawake na watoto wakipata mahali pa kusikilizwa, taarifa za ukatili huongezeka. Ongezeko hilo ni habari njema kwa maana moja, na hakuna diwani anayepaswa kulionea aibu.

Kwa sababu hizi kosa linalolinganishika vizuri zaidi kati ya mji na mji, au nchi na nchi, ni mauaji, maana maiti ni vigumu kufichwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria mauaji ya makusudi duniani kuwa takriban 5.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 2021. Ila hapa ndipo udogo wa mji unapouma kweli. Katika mji wa watu 222,000, kila mauaji moja ni kama 0.45 ya kiwango. Mauaji manne kwa mwaka ni 1.8. Mwaka unaofuata yakiwa manane ni 3.6, na vichwa vya habari vitasema yameongezeka maradufu. Huenda ni bahati mbaya tu ya mwaka huo.

Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha bahati na badiliko. Jumlisha matukio ya miaka miwili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa 2. Tofauti ya miaka hiyo miwili ikiwa ndogo kuliko jibu, huna ushahidi kwamba kitu kimebadilika. Nne na nane ni 12; kipeuo chake ni kama 3.5; mara mbili ni 7. Tofauti ni 4, kwa hiyo tulia. Lakini nyumba zilizovunjwa zikitoka 400 hadi 480, jumla ni 880, kipeuo ni kama 29.7, mara mbili ni 59, na tofauti ni 80. Hapo amka, kuna jambo. Kipimo hiki huchukulia kila tukio linajitegemea. Genge moja likivunja nyumba kumi kwa wiki moja, hesabu huruka bila mji mzima kubadilika, kwa hiyo angalia pia tarehe. Kwa makosa machache kama mauaji, jumlisha miaka mitatu au mitano kabla ya kusema lolote.

Waswahili walio Marekani, wanaochagua mji mdogo wa kuhamia kwa kutazama kiwango, wana la kuongeza. FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilibadili utaratibu wake wa kukusanya takwimu mwanzoni mwa 2021. Utaratibu wa zamani ulihesabu kosa zito moja tu katika tukio lenye makosa kadhaa. Mpya huandika makosa hadi kumi. Kulinganisha 2019 na 2022 bila kujua hilo kunaweza kuwa kupima kwa vibaba viwili tofauti.

Usalama wa mtaa unaotaka kupanga au kujenga haupatikani kwenye kiwango cha manispaa, hata kikiwa kimehesabiwa vizuri, kwa sababu uhalifu hujikusanya: kichochoro fulani, saa fulani. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa polisi wa kata. Usiulize “hapa pana usalama?”, maana utajibiwa “papo salama kabisa”. Uliza: mara ya mwisho nyumba kuvunjwa hapa ilikuwa lini? Waliingilia wapi, mlangoni, dirishani au darini? Walichukua nini? Ulinzi shirikishi unatembea usiku gani, na kwa mwezi kila kaya inachangia kiasi gani? Kikundi cha ulinzi ambacho kaya nyingi hazilipi kwa kawaida hupungukiwa walinzi usiku wa manane, na wezi huligundua hilo mapema kuliko wakazi.

Kisha pita mwenyewe saa 1 usiku na tena saa 4, kwa njia utakayotumia ukishuka kwenye daladala. Hesabu taa zinazowaka kati ya kituo na nyumba. Waulize bodaboda wa kijiwe cha karibu ni njia ipi wanaikataa baada ya saa 5, na abiria wanaoelekea huko huwashusha wapi.