Saruji haikuondolei wajibu wa kusafirisha asbesto ipasavyo

Nimeambiwa tena wiki hii, na mkandarasi anayeezua majengo ya zamani huku Tabora: "Haya ni mabati ya saruji, asbesto imeshikwa humo ndani, kwa hiyo kwenye usafirishaji haihesabiki." Sentensi hiyo nimeichoka. Chanzo chake ni kanuni ya kweli iliyosomwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayolinda mapafu ya watu dhidi ya nyuzi za madini hayo ya asbesto.

Kanuni yenyewe ni sharti maalumu namba 168 katika Kanuni za Mfano za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari. Linasema asbesto iliyozama au kushikwa ndani ya kiunganishi kama saruji, plastiki, lami au resini, kwa namna ambayo nyuzi zinazoweza kuvutwa mapafuni haziwezi kutoka kwa kiasi cha hatari wakati wa kusafirishwa, haibanwi na kanuni hizo. Rudieni maneno "wakati wa kusafirishwa". Hayasemi bati lilipokuwa juu ya paa, wala lilipotoka kiwandani. Yanazungumzia hali ya mzigo ukiwa juu ya Fuso, tangu unapakiwa mpaka unashushwa.

Sasa fikirieni safari yenyewe. Bati la asbesto lenye unene wa milimita 6 ni gumu lakini halipindi, linavunjika. Mabati yakipangwa bila kufungwa, yakatikiswa kutoka Kigoma kupita Uvinza, Kaliua na Urambo mpaka Tabora, kingo zinasagana. Kila ufa ni uso mpya usio na saruji ya kutosha kushika nyuzi, na unga unaobaki sakafuni mwa gari haujashikwa na chochote. Umepakia mzigo uliosamehewa, unashusha mzigo ambao haujasamehewa. Tena bati lililokaa juani na mvuani miaka arobaini au hamsini limeshaliwa usoni. Saruji ya juu imeondoka, kuvu na ukungu vimeota, nyuzi zimebaki wazi. Ukipitisha kidole na kikatoka na unga wa kijivu, usiniambie nyuzi zimeshikwa.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka: sharti hilo halitaji namba. "Kiasi cha hatari" ni kiasi gani? Halisemi. Kwa hiyo bati zima lenye ufa mmoja pembeni linabaki kwenye uamuzi wa mtu, na watu wawili wenye uzoefu wanaweza kutofautiana. Msimamo wangu ni huu: bati zima, lililoloweshwa na kufungwa lisicheze, nalihesabu chini ya msamaha. Vipande, hata vikiwa vikubwa, siviweki huko mpaka viwe vimefungwa visivujishe. Nakiri mpaka huo nimeuchora mwenyewe, na penye shaka napanga mzigo kama bidhaa hatari. Gharama yake ni mifuko na lebo.

Sharti lina sehemu ya pili: vitu vilivyotengenezwa kiwandani vyenye asbesto ambavyo havitimizi sehemu ya kwanza bado vinaweza kusamehewa, lakini vikiwa vimefungashwa ili nyuzi zisitoke. Yaani msamaha unapatikana kwa kufungasha. Wanaoutaja kama sababu ya kutofungasha wameugeuza juu chini.

Na kuna taka ambazo hazigusi saruji kabisa. Plasta ya kufunikia boila na mabomba ya mvuke, bodi laini za dari zenye asbesto, unga uliofagiliwa, udongo wa chini ya mchirizi wenye chembe, ovaroli na vichujio vya barakoa vilivyotumika. Hivi vyote hutoka kwenye kazi ileile na mara nyingi hutupwa kwenye gari lilelile pamoja na mabati. Msamaha wa bati hauviambukizi.

Kubwa zaidi: msamaha wa kanuni za usafirishaji haufuti sheria ya taka. Hivi ni vitabu viwili. Hata mzigo ukitoka kwenye kitabu cha kwanza, taka hatarishi zinabaki chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake, na NEMC, wasimamizi wa mazingira nchini, watakuuliza kibali cha msafirishaji na mahali taka zinapokwenda. Kwenye Mkataba wa Basel wa 1989, unaodhibiti taka hatarishi zinazovuka mipaka, asbesto imo kwenye kundi Y36. Kwa wenzetu wa Kigoma hili si la vitabuni tu. Kuna wanaofikiri mabati yaliyoezuliwa yanaweza kuvushwa ziwa kwenda Bujumbura au Kalemie kama vifaa vya ujenzi vilivyotumika. Taka hatarishi zikivuka mpaka zinahitaji taarifa ya maandishi na ridhaa ya nchi inayopokea kabla chombo hakijang'oa nanga, na juu ya Basel kuna Mkataba wa Bamako wa nchi za Afrika.

Namba sasa, yaani zile za Umoja wa Mataifa (UN) zinazotambulisha kila bidhaa hatari. Krisotili, asbesto nyeupe, ni UN 2590, daraja la 9 (hatari za aina nyinginezo), kundi la ufungashaji III (hatari ndogo). Amfiboli, yaani aina nyingine za asbesto: amositi (kahawia), krosidoliti (bluu), tremoliti, aktinoliti na anthofiliti, ni UN 2212, daraja la 9, kundi II (hatari ya kati). Usiamue kwa rangi. Majina "nyeupe", "kahawia" na "bluu" ni ya madini yakiwa safi. Ndani ya saruji yote ni kijivu, na joto hubadilisha rangi ya nyuzi. Inatakiwa sampuli na hadubini yenye mwanga uliopolaraishwa. Kama huna majibu ya maabara, au mzigo umechanganyika, andika 2212. Mabomba ya maji ya saruji na asbesto yananitia shaka kuliko mabati, kwa sababu krosidoliti ilitumika sana kwenye mabomba.

Kundi la ufungashaji lina matokeo kwenye mfuko. Mfuko ulioidhinishwa una alama ya UN ikifuatwa na msimbo wa aina yake na herufi. Herufi Z inatosha kundi III tu, kwa hiyo 2212 inataka Y au X. Sandarusi ya kawaida ya mahindi haimo kabisa: imefumwa, unga unapita kwenye matundu. Tumia mfuko wa plastiki 5H4, au wa kufumwa usiopitisha maji 5H3, na mzigo usizidi kilo 50. Mifuko yenyewe iende ndani ya gari lililofungwa au kontena. Turubai juu ya bodi wazi halitoshi.

Kufunga: lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa bomba la shinikizo dogo kama la kunyunyizia dawa shambani. Fungua boliti, usipige nyundo, shusha kwa mikono. Mabati mazima yapangwe kwenye paleti na kuzungushiwa nailoni ya unene wa milimita 0.25 mara mbili. Vipande viingie mfuko wa ndani, ujazwe nusu tu, shingo isokotwe, ikunjwe na kufungwa kwa utepe wa gundi, kisha uingie mfuko wa nje. Usiukamue kutoa hewa, maana hewa hiyo inatoka na nyuzi.

Lebo. Naomba fuvu na mifupa ziachwe. Hizo ni za sumu ya daraja la 6.1, inayoua haraka. Asbesto inaua baada ya miongo, ndiyo maana imewekwa daraja la 9: almasi nyeupe ya milimita 100 kila upande, mistari saba myeusi ya wima nusu ya juu, na namba 9 chini ikiwa imepigiwa mstari. Ile yenye picha ya betri ni 9A, si hii. Pembeni andika UN na namba kwa herufi zisizopungua milimita 12. Kontena libandikwe almasi ya milimita 250. Lebo ya onyo la asbesto yenye herufi "a" inakaa pamoja na almasi, haichukui nafasi yake.

Kwenye hati, mpangilio ni namba ya UN, neno taka, jina, daraja, kundi: UN 2590, taka, asbesto, krisotili, 9, III. Kisha idadi na aina ya mifuko, uzito, mtumaji na mpokeaji. Hati ikae kwa dereva, na dereva aambiwe kwa mdomo: mfuko ukipasuka njiani, simama, vaa barakoa ya FFP3 (ya kuchuja vumbi laini kabisa), lowesha, weka kwenye mfuko mpya, futa kwa kitambaa chenye maji na kitambaa hicho kiingie mfukoni pia. Ufagio mkavu usitumike hata kwa kijiko kimoja cha unga.