Uwanja wa kriketi wa kijijini: maana yake na ulivyojengwa

Uwanja wa kriketi, mchezo ambao mrushaji hurusha mpira na mpigaji huupiga kwa gongo, kama unavyoeleweka katika vijiji vya Uingereza, si kiwanja cha mpira wa miguu kilichochorwa mistari mingine. Ni eneo pana la nyasi lenye kipande kidogo katikati kiitwacho skwea, na kipande hicho ndicho uwanja wenyewe hasa. Mengine yote, kuanzia pavilioni, yaani jengo la wachezaji, hadi ubao wa alama, yamewekwa kwa kuiangalia skwea.

Skwea hugawanywa katika pichi: vipande vyembamba vilivyolala sambamba, kila kimoja na upana wa mita 3.05. Pichi huchezewa kwa zamu, moja ikitumika nyingine zikipona. Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12, yaani yadi 22. Wiketi ndiyo shabaha ya mrushaji: mpira ukiiangusha, mpigaji ametoka. Kila moja ina vijiti vitatu vyenye kimo cha sentimita 71.1, na kwa pamoja vina upana wa sentimita 22.86. Mita 1.22 mbele ya vijiti huchorwa mstari mweupe wa mpigaji. Pichi hulazwa kuelekea kaskazini na kusini, au karibu na hapo, kwa sababu mechi huendelea hadi jioni na jua la magharibi lingempofusha mpigaji.

Viwanja hivi havikuanza na mafundi, vilianza na kondoo. Kriketi ilikulia kusini-mashariki mwa Uingereza, katika Kent, Sussex na Surrey, ambako mifugo ilitafuna nyasi zikawa fupi vya kutosha mpira kubingirika. Mashine ya kukata nyasi ilipata hataza mwaka 1830 tu, kwa jina la Edwin Budding. Kiwanja mashuhuri kuliko vyote vya enzi ile ni Broadhalfpenny Down, kilimani karibu na kijiji cha Hambledon, Hampshire. Hakukuwa na pavilioni. Ng'ambo ya njia ilikuwepo baa, Bat and Ball, na mwenye baa Richard Nyren ndiye aliyekuwa nahodha wa timu. Klabu hiyo ya kijijini ilikuwa na nguvu kiasi cha kuishinda timu ya Uingereza nzima mwaka 1777. Hata kijiti cha tatu kina mkono wa Hambledon: mwaka 1775, mjini London, wiketi ikiwa bado na vijiti viwili tu, mipira ya mrushaji Lumpy Stevens ilipita mara tatu katikati ya vijiti vya mpigaji John Small wa Hambledon bila kuviangusha, naye akaendelea kupiga. Haki haikutendeka, na kijiti cha katikati kikaongezwa.

Kazi ngumu ya kiwanja iko kwenye udongo. Pichi nzuri hujengwa kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi, takriban robo hadi theluthi, kwa sababu mfinyanzi ukikauka baada ya kushindiliwa huwa mgumu na mpira huruka vizuri. Rola, silinda nzito inayobingirishwa, ndiyo inayoshindilia, ila wakati wa kuipitisha ndio siri. Bonyeza udongo kwa kidole gumba. Ukibonyea kama unga wa chapati uliokandwa, bila kung'ang'ania kidole, ni wakati wake. Ukiwa na tope, rola itausukuma mbele na kuacha mawimbi. Ukiwa umekauka, utazunguka nayo kutwa bila faida. Maandalizi ya pichi moja huanza siku 10 hivi kabla ya mechi: kumwagilia hadi maji yazame chini, kukata nyasi zikishushwa kidogo kidogo, kushindilia, kuacha ikauke.

Kosa linaloharibu skwea nyingi ni kubadilisha aina ya udongo. Kila msimu ukiisha, mnamo Septemba, nyasi kavu hukwanguliwa, mbegu hupandwa na udongo mpya hutandazwa juu. Ukileta udongo usiolingana na wa chini, tabaka mbili hizo husinyaa kwa viwango tofauti, zinaachana, na mizizi inakatikia hapo kwenye mwanya. Juu pichi inapendeza, lakini mpira ukitua unakufa, unapita chini magotini. Rola haitibu ugonjwa huo. Ni kutoboa kwa kina miaka kadhaa, au kufukua upya.

Pavilioni ni jengo dogo, mara nyingi la mbao zilizopakwa rangi nyeupe, lenye vyumba viwili vya kubadilishia nguo, jiko la chai na baraza la mbele. Baraza ndilo kiini chake: wachezaji 9 wa timu inayopiga hukaa hapo kwa saa nyingi wakisubiri zamu, kwa hiyo lazima liione skwea yote. Nyuma ya mrushaji, kila upande, husimamishwa kiambaza cheupe chenye magurudumu ili mpira mwekundu uonekane ukitoka mkononi. Mpangilio hulazimika kufuata ardhi iliyopo. Huko Mitcham, palipokuwa kijiji cha Surrey kabla London haijapameza, kriketi imechezwa tangu 1685 na pavilioni iko ng'ambo ya barabara. Mpigaji mwenye pedi, yaani kinga za miguu, husubiri magari yapite, ndipo avuke kwenda kupiga.